Risasi Ndani ya Maini

Anyait alikuwa amesema "nimeshiba" kila jioni tangu mvua zianze, na Oluka alikuwa amefika mahali pa kulichukia neno hilo kuliko tusi.

Alilisema akiwa bado mlangoni, harufu ya soko ikiwa kwenye leso yake, kabla hajauliza kilichopikwa. Kisha alinawa, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu na kumtazama mumewe akila peke yake. Uso wake haukuwa wa mgonjwa wala wa mtu aliyenuna. Ulikuwa uso wa mtu aliyekula akaridhika. Basi swali lilikuwa moja: alikula wapi, na nani alimlisha?

Oluka hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ofisa wa samaki wa serikali pale Busia, amesoma elimu ya viumbe hadi chuo kikuu, na mji mzima ulimwita Bwana Samaki kama vile ofisa wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Kazini alipenda kusema kwamba jambo lisilopimwa halijulikani. Lakini wivu nao una mizani yake, na mizani hiyo huelemea upande mmoja daima.

Upande huo ulikuwa wa Mutwalibu. Huyu alikuwa mwenye malori, na yadi yake ilikuwa Malaba, hatua chache kutoka reli. Nyuma ya yadi alichimba bwawa, akalijaza maji ya chemchemi, akafuga samaki aina ya ngege. Oluka mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alimweleza kwamba ngege huzaana kabla hawajakua, bwawa likajaa watoto, wote wakadumaa; dawa yake ni kutia kambare wachache ili wawale watoto hao, na kuwalisha waliobaki vizuri. Mutwalibu alisikiliza, akaenda akafanya. Aliomba damu machinjioni, akaomba machicha ya pombe ya wimbi kwa akina mama wa Kiteso, akawatania kwamba yeye Mwislamu halewi ila samaki wake watamwombea msamaha. Mwaka haukuisha akawa anavua ngege wa kujaza sahani.

Kwenye mabwawa ya serikali Busia, Oluka alikuwa ameomba kambare wale wale kutoka makao makuu. Ombi lilikuwa bado liko njiani. Ngege wake walikuwa wengi kama siafu na wadogo kama kidole.

Hayo angeyavumilia. Ila mtu aliyeuza ngege wa Mutwalibu sokoni Busia alikuwa Anyait. Gari la Mutwalibu, Peugeot ya kijivu, lilimletea mzigo siku za soko, na samaki walikuja wamekwisha kupasuliwa na kuoshwa kwa sababu wateja hawakutaka kazi. Juu ya mzigo dereva alikuja daima na mkebe wa mafuta ya Kimbo, umefunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa uzi. Mkebe huo haukuuzwa. Anyait aliupokea kwa mikono miwili na kuuweka chini ya meza yake. Oluka aliuona siku moja alipokuwa akipita, akauona tena, na tangu hapo akawa na sababu nyingi za kupita.

Jambo rahisi lingekuwa kuufungua mkebe ule au kuuliza. Hakufanya hivyo. Mtu anayeuliza huenda akajibiwa.

Siku moja alipokuwa akipita namna hiyo, Atyang, mwuza dagaa aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Anyait, alimwita kwa sauti ya kusikika na meza zote.

"Bwana Samaki, karibu. Leo tuna ngege wakubwa. Wametoka kwa bwana samaki wa Malaba. Wewe wa Busia tumekupa cheo kingine, bwana dagaa."

Wanawake walicheka, na Anyait naye akacheka, akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Oluka alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na mkubwa wake. Akauliza, kwa mzaha aliodhani ni mwepesi, huyo wa Malaba ana nini zaidi.

"Mwulize mkeo," Atyang alisema. "Si ndiye anayelishwa maini."

Katika mji ule, mnyama akichinjwa, maini hayagawiwi ovyo. Hupewa mgeni wa heshima au mtu wa moyoni. Kusema kwamba mwanamume fulani anamlisha mwanamke maini ni kusema mengi kwa maneno machache. Kuna maneno yanayomkata mtu maini, na haya yalimkata Oluka mara mbili, kwa sababu yalisemwa mbele ya Anyait na Anyait hakuyakanusha. Aliendelea kufunga samaki kwenye gazeti, bado anatabasamu.

Wiki hiyo Oluka alikwenda Malaba. Alijiambia kwamba ni kazi. Ofisa wa samaki ana wajibu wa kujua bwawa linalolisha wilaya lina nini ndani yake. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana ilimfaa.

Mutwalibu alimpokea kama ndugu. Alimtembeza yadi yote, akionyesha hili na lile: lori lililokuwa juu ya mawe, matairi, mapipa, na kwenye kona ya juu, kijana wa gereji akivunja betri kuukuu kwa nyundo. Vibamba vya ndani vilikuwa vikiyeyushwa kwenye sufuria na kumiminwa kwenye matundu yaliyochimbwa ardhini. Vipande vilivyopoa viliuzwa kwa wavuvi wa Port Victoria, wakavifunga kwenye nyavu ili zizame. Udongo wa pale ulikuwa mweupe-kijivu, hauotishi hata kwekwe. Ulitelemka taratibu kufuata mfereji wa mvua, na mfereji uliishia bwawani.

Oluka alisimama kando ya mfereji ule kwa muda. Kitu fulani kilitulia ndani yake, jinsi mtu anavyotulia anapopata alichokuwa akikitafuta. Aliomba samaki wa kupima, akapewa wazuri.

"Msalimie dada Anyait," Mutwalibu alisema walipoagana. "Mwambie mambo yake nimemwekea. Atayapata siku ya soko."

"Mambo gani?"

"Ah, hayo ni ya kwake na tumbo lake," Mutwalibu akacheka, akampiga bega. "Mambo ya wanawake, Bwana Samaki. Sisi tunatii tu."

Oluka alirudi Busia akiwa na samaki ndani ya barafu na maneno yale ndani ya kifua. Ofisini alifunga mlango. Alipasua kila samaki kwa kisu kisichotumika kwa kazi nyingine, akatenga ini, figo, matamvua na kipande cha mnofu wa ubavuni, akakausha kila kiungo kwenye tanuri dogo na kukitia kwenye chupa iliyooshwa kwa asidi. Kisha alifanya hivyo hivyo kwa ngege wa mabwawa ya serikali, wale wadogo, kwa maana kipimo kisicho na cha kulinganishia ni porojo. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kazi ile ilifanywa vibaya.

Chupa hizo hakuzituma. Alizipeleka Nairobi mwenyewe, kwa Okwara, mkemia waliyesoma pamoja, aliyekuwa na mashine mpya ya kupimia metali. Okwara aliyeyusha sampuli katika asidi, akazinyunyiza ndani ya mwali wa moto, na mashine ikapima mwanga unaomezwa na kila metali. Shaba na zinki zilikuwamo katika maini ya samaki wote, wa Malaba na wa Busia, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Ini ni ghala. Tofauti ilikuwa moja. Maini ya ngege wa serikali hayakuwa na risasi, metali ya kwenye betri, ya kutajwa. Maini ya ngege wa Malaba yalikuwa nayo, na mafigo yao, na matamvua. Katika mnofu wao sindano ya mashine ilitikisika kidogo tu, ikalala.

"Mnofu hauna neno," Okwara alisema. "Watu waendelee kula. Matumbo, maini na mafigo watupe, na huyo bwana ahamishe betri zake. Anayekula maini kila siku ndiye wa kuogopewa, hasa mjamzito, kwa sababu risasi humfikia mtoto tumboni. Kuna mtu huko kwenu anayekula maini ya samaki?"

"Paka," Oluka alijibu.

Wote wawili wakacheka.

Baraza la chifu lilifanyika Busia siku chache baadaye. Ilikuwa miaka ile ambayo mpaka ulifungwa asubuhi na kufunguliwa jioni, na watu waliolala karibu na mto walijifunza kutofautisha mlio wa bunduki na mlio wa lori. Kila mtu alikuwa na jamaa ng'ambo, Uganda, na kila mtu alikuwa amesikia habari ambayo hangeirudia mbele ya watoto. Chifu alizungumzia vitambulisho, akazungumzia chanjo ya ng'ombe, kisha akampa nafasi Bwana Samaki.

Oluka alikuwa ameyapanga maneno yake. Angesema kwamba madini ya risasi, yale ya kwenye betri, yamepatikana kwa kiasi kidogo katika viungo vya ndani vya ngege wa bwawa moja. Kwamba mnofu ni salama. Kwamba matumbo yatupwe. Na kwamba mwenye bwawa atashauriwa. Yalikuwa maelezo mafupi, kamili, yasiyomwonea mtu.

Aliinuka. Mutwalibu alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti karibu na chifu, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi. Anyait alikuwa amesimama nyuma ya kiti hicho pamoja na wanawake wa soko. Oluka alimwona akiinama na kumrudishia Mutwalibu ule mkebe, mtupu, umeoshwa. Mutwalibu alimwambia kitu bila kugeuka. Anyait akacheka, mdomo nyuma ya kiganja.

"Tumewapima ngege wa Malaba," Oluka alisema. "Tumekuta risasi."

Mzee mmoja, ambaye shemeji zake walikuwa ng'ambo, aliegemea fimbo yake mbele.

"Risasi, Bwana Samaki?"

Hapo ndipo pangetosha neno moja. Ya betri. Lilikuwa limekaa tayari mdomoni, na Oluka alilihisi pale kama mbegu ya papai.

"Risasi," alisema. "Ndani ya maini."

Akaketi.

Hakuna aliyekimbia na hakuna aliyepiga kelele. Watu walitazamana tu, wakaanza kuondoka wawili wawili wakinong'ona, na manong'ono yana miguu. Kufika jioni ilijulikana kwamba ngege wa Malaba wanakula watu waliopigwa risasi ng'ambo na kutupwa mtoni. Habari ilipofika Funyula, mwanamke mmoja alikuwa ameng'ata risasi akavunjika jino. Kule Angurai lilikuwa limepatikana ganda zima la risasi, na namba yake.

Mto Malaba hutelemka kutoka Mlima Elgon kwenda Uganda. Kitu kilichotupwa ng'ambo hakiwezi kupanda kuja huku. Tena bwawa la Mutwalibu halikunywa maji ya mto, lilikuwa la chemchemi. Oluka aliyajua haya yote. Hakuulizwa, naye hakuyasema.

Siku ya soko iliyofuata meza ya Anyait ilijaa samaki na nzi. Wateja walipita mbali, wengine wakijikinga ubavu kana kwamba meza ingewafyatulia. Jioni Anyait alirudi na mzigo ule ule aliouchukua, akautupa shimoni bila neno. Oluka alimwambia kwamba biashara haikosi siku mbaya, na kwamba mke wa ofisa hana lazima ya kukaa sokoni. Alimpakulia ugali kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimeshiba," Anyait alisema.

Kijiko cha Oluka kikabaki hewani. Ngege hawakuuzika, gari lilikuwa limekuja mara moja tu, na bado alikuwa ameshiba.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Mutwalibu alimjia ofisini. Hakupiga meza. Alikaa, akaweka kofia gotini, akasema kwamba betri amezihamishia ng'ambo ya reli na udongo ameuchimba na kuubeba. Ameanza kufanya hivyo siku ile ile ya baraza, kwa sababu yeye ameishi na malori na betri maisha yake yote na alielewa mara moja ni risasi ipi.

"Lakini watu hawakuelewa, ssebo, bwana wangu. Ungeongeza neno moja."

"Nilisema ukweli. Nilichokipima ni risasi."

"Ndiyo. Umepima vizuri," Mutwalibu alisema. "Ila umeuza kwa kupunja."

Akavaa kofia akaondoka. Oluka alikaa na hasira ya mtu aliyeambiwa jambo sahihi na mtu asiyempenda. Baadaye alitoka kwenda sokoni. Alijiambia anataka hewa. Alichotaka ni kuiona meza ya Anyait ikiwa tupu.

Meza ilikuwa tupu kweli. Anyait alikuwa amekwenda kununua makaa. Chini ya meza palikuwa na jiko dogo, na juu ya jiko kikaango kilichofunikwa. Atyang alikuwa akimchungia.

"Mkeo ana moyo," alimwambia. "Mji mzima umekimbia ngege, yeye bado anakaanga maini yake."

"Maini gani?"

"Maini ya samaki, Bwana Samaki. Ulidhani maini gani?"

Alicheka, kisha akamwona uso, kicheko kikamkauka. Akafunua kikaango. Maini yalikuwa yamelala humo, mapana, ya rangi ya udongo mwekundu, yanachemka polepole ndani ya mafuta yao wenyewe. Kando yake palikuwa na mkebe wa Kimbo, kitambaa kimefunguliwa.

Atyang aliyasema yaliyobaki kwa sauti ya chini, akiangalia kule Anyait alikoelekea. Kwamba Anyait ni mjamzito, mwezi wa nne sasa. Kwamba mimba mbili za kwanza zilitoka baada ya kutangazwa, Oluka mwenyewe anajua, na kwa hiyo hii ya tatu ameapa hataitamka kwa mtu, hata mumewe, mpaka ijionyeshe. Kwamba mimba hii haitaki nyama wala ugali, inataka maini ya ngege tu. Mutwalibu huwapasua samaki kule kule kwake na matumbo alikuwa akiyatupa. Anyait alimwomba, akawa anamwekea maini.

"Kila siku?" Oluka aliuliza.

"Mzigo ukija hula, usipokuja hula yaliyokaushwa. Miezi miwili sasa, au zaidi."

Oluka aliyeulizwa Nairobi nani anakula maini, akajibu paka, alisimama pale sokoni akifanya hesabu. Alijua uzito wa ini moja. Alijua kilichokuwa ndani yake. Ilikuwa hesabu nyepesi, na jibu lake hakulipenda.

Anyait alirudi na makaa kwenye karai. Alimtazama mumewe, akamtazama Atyang, akainama kuchochea jiko.

"Yatupe hayo," Oluka alisema.

"Kwa nini?"

"Yana risasi."

Anyait hakubishana. Alichukua kisu, akatoa ini moja kwenye kikaango, akaliweka juu ya ubao na kulikata nyembamba, kipande baada ya kipande, kama mtu anayekata mboga za sukuma. Alivitandaza vipande kwa ncha ya kidole, akavigeuza.

"Iko wapi?"

"Haionekani kwa macho. Ni madini, yale ya betri. Yameingia ndani ya ini lenyewe. Mashine ndiyo inayoyaona."

"Kwenye baraza haikuwa ya betri."

Oluka akaangalia jiko.

"Kwenye baraza ilikuwa ya bunduki," Anyait alisema, "watu wakanikimbia. Leo ni ya betri. Kesho itakuwa ya nini, Bwana Samaki?"

Alitia kipande mdomoni, akatafuna akimtazama. Oluka alimweleza yote, haraka na kwa mpangilio mbaya: mfereji, mwali wa moto, tofauti ya ini na mnofu. Alitaja vipimo. Vilikuwa vipimo sahihi, na kila kimoja kilianguka chini kama shilingi bandia.

"Itamfikia mtoto," alisema mwishowe.

Kisu kilisimama. Anyait alimgeukia Atyang, naye Atyang akapata kazi ya kupanga dagaa zake.

"Kwa hiyo umeambiwa," Anyait alisema. "Miezi minne, Oluka. Hukunitazama hata tumbo. Ulikuwa unautazama mkebe."

Anyait alifunika kikaango, akafuta kisu kwa leso.

"Kesho ni siku ya soko. Waambie watu wale wale ni risasi gani, iko wapi na haiko wapi. Nitakuwa nimesimama hapa. Nikisikia umesema yote, nitaamini na hili la maini. Nikisikia umebakiza, nitajua ni wivu wako tu, kama lile la kwanza."

"Na mpaka kesho?"

"Mpaka kesho nina njaa," alisema, akafunua kikaango.

Oluka hakulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya mtoto peke yake. Mtu mwenye haki angefikiria mtoto tu. Yeye alifikiria pia kanzu nyeupe ya Mutwalibu katikati ya watu, wateja wakimrudia, na kwamba yeye, Bwana Samaki, ndiye angewaleta kwa mdomo wake.

Asubuhi alipanda juu ya kreti ya soda mbele ya meza ya Anyait. Mkononi alikuwa na kibamba cha betri alichokiokota gereji. Chifu hakuwapo, lakini yule mzee wa fimbo alikuwapo, na Mutwalibu, aliyekuja na mzigo ambao hakutegemea kuuza, na wengine waliokuja kuona nani amepigana. Oluka alikiinua kibamba. Alisema hii ndiyo risasi aliyoipima, haitoki kwenye bunduki, na imetoka kwenye betri za yadi ambazo sasa zimehamishwa. Alisema mto unakotoka na unakokwenda. Alisema mnofu ni safi, na matumbo, maini na mafigo ya ngege wa bwawa lile yasiliwe na mtu yeyote mpaka apime tena. Alisema kila kitu, kwa utaratibu, kama alivyopaswa kusema siku ya kwanza.

"Vizuri," yule mzee alisema. "Sasa mbona siku ile hukutuambia hivi? Mimi nilikuuliza."

Oluka alikuwa na majibu. Muda ulikuwa mfupi. Lugha ya kitaalamu ni ngumu. Chifu alikuwa na haraka. Alimtazama Anyait, ambaye hakuwa akitabasamu wala kukunja uso. Alikuwa akisubiri kusikia kama amebakiza.

"Sikutaka auze," Oluka alisema.

"Nani?"

"Mutwalibu. Nilimwonea wivu."

Mtu mmoja alikohoa. Kisha Atyang akasema, kwa upole kwa kiasi chake, "Haya, bwana dagaa, basi kula tukuone," na soko zima likaangua kicheko, na kicheko kikawa kikubwa kuliko Oluka alivyojiandaa. Mutwalibu hakucheka. Alichagua ngege mwenyewe, akamkaanga kwenye jiko la Anyait, akamkabidhi kwenye gazeti. Oluka alikula amesimama, mbele ya watu, mpaka miiba. Alikuwa mtamu. Hilo nalo lilikuwa kweli na alilikubali.

Saa sita haijafika mzigo ulikwisha. Mutwalibu alizungukwa na wateja, wakimpa pole na kumtania, na Anyait alihesabu samaki wa mwisho huku akicheka na kila mtu, Mutwalibu akiwemo. Oluka aliona. Wivu ulikuwa bado pale pale. Lakini aliona pia alivyoutoa mkebe chini ya meza, akautazama kwa muda kama mtu anayeaga, akaenda nyuma ya soko na kuumimina kwenye shimo la choo.

Okwara, alipopigiwa simu, alisema damu inaweza kupimwa. Walikwenda Nairobi pamoja. Kiasi kilikuwapo, hakikuwa cha kutisha, kingeshuka taratibu kwa kuwa ameacha. Taratibu kiasi gani, na mtoto alikuwa amefikiwa na kiasi gani, Okwara hakuweza kusema, na Oluka, anayejua tofauti ya kutojua na kuficha, hakumlazimisha.

Mimba haikujali vipimo. Wiki haikuisha Anyait akawa hali chakula tena, ugali unamchefua, nyama inamchefua, anakaa kwenye kigoda akitazama ukuta. Hakuomba kitu. Alikuwa ameamini, na kuamini kulimwacha na njaa.

Jumapili, kabla ya misa, Oluka alikwenda kwenye mabwawa ya serikali na wavu. Maini ya ngege wale hayakuwa na risasi. Alikuwa amepima mwenyewe. Alirudi na ndoo iliyojaa, akakaa uani na kisu chake cha ofisini, akaanza kupasua. Kila samaki alikuwa wa urefu wa kidole, na kila ini lilikuwa kama punje ya hindi, limeshikana na nyongo ambayo ingepasuka kwa mguso mmoja na kuharibu yote. Aliyatenganisha moja moja, kama alivyofundishwa. Majirani waliokuwa wakienda kanisani walisimama uani, wakauliza kama Bwana Samaki anapima tena, naye akasema ndiyo.

Ndoo nzima ilitoa maini ya kujaza kijiko kimoja. Aliyakaanga kwa mafuta kidogo na chumvi, akampelekea kwenye kisahani.

Anyait aliyatazama. Akatazama rundo la samaki waliopasuliwa, na mikono ya mumewe yenye magamba hadi kwenye viwiko. Alikula polepole, akalamba kijiko.

"Ya Mutwalibu yalikuwa manono," alisema.

Palikuwa na ndoo ya pili. Oluka alimshika samaki mwingine, akamgeuza tumbo juu, akampasua.